Lethi na Stendi Yake ni Mashine Moja

Mhadhara kwa mafundi, walimu wa vyuo vya ufundi na wenye karakana za nyumbani

Najua wengi wenu mmeacha kazi za watu mezani ili mfike hapa, kwa hiyo nitaingia kwenye shabaha yangu bila kuzunguka.

Nimeombwa nieleze namna ya kuchagua mashine ya kukereza chuma, yaani lethi, kwa ajili ya karakana ya nyumbani, na namna ya kuitengenezea stendi. Mada imeandikwa kana kwamba ni mambo mawili, nami nimekuja kutetea kwamba ni jambo moja. Stendi ni sehemu ya mashine, sawa na kichwa, kitanda na mkia wake. Mnunuzi asiyeitia stendi kwenye hesabu tangu siku ya kwanza atapata kazi mbovu kutoka kwenye mashine nzuri, kisha ataibebesha mashine lawama isiyo yake. Nina hoja nne, na baada yake nitajibu pingamizi ambazo husikika sana karakanani.

Hoja ya kwanza: tunachonunua ni ukakamavu.

Henry Maudslay alipotengeneza lethi yake ya kukatia thredi jijini London mwishoni mwa karne ya 18, alikusanya mahali pamoja mambo ambayo wengine walikuwa wameyajaribu moja moja: kitanda cha chuma kilichonyooka, kigari kinachoshika kisu badala ya mkono wa fundi, na skrubu kuu inayokivuta kigari kwa mwendo usiobadilika. Kazi ya lethi ni ileile hadi leo. Kipande kinazunguka, kisu kinatembea, na thamani yote ya mashine iko katika kuvizuia viwili hivyo visihame mahali pake wakati vinasukumana. Na vinasukumana kwa nguvu kubwa. Chuma chochote kikisukumwa kinapinda, hata kama jicho halioni. Swali ni kinapinda kiasi gani. Fimbo ya mviringo ikizidishwa kipenyo mara mbili, ukakamavu wake unaongezeka mara 16. Ikizidishwa urefu mara mbili, inapinda mara 8 zaidi kwa nguvu ileile. Ndiyo maana spindo nene yenye beringi pana, kitanda kilichosubiwa kwa chuma kingi na kisu kisichochomoza mno vina faida kuliko rangi mpya na vioo vya namba.

Tangazo la mashine, hata hivyo, hukutajia kwanza kipenyo kikubwa kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda, na urefu kati ya kichwa na mkia. Vipimo hivyo vinakueleza kinachoingia kwenye mashine, havikuelezi kitakachotoka. Chukueni mfano wa mashine mbili zinazojulikana duniani kote kwa wenye karakana za nyumbani. Lethi ndogo za Kichina zinazouzwa kwa majina mengi ya biashara huzungusha kipande cha takriban milimita 180 na zina uzito wa kilo 40 hivi. ML7 ya Myford, iliyoanza kutengenezwa Uingereza baada tu ya Vita Kuu ya Pili, nayo huzungusha takriban milimita 180, lakini uzito wake ni zaidi ya mara mbili. Kwenye karatasi ni ndugu. Kwenye mkato wa kina cha milimita 2 katika shafti ya feleji, moja inakata na nyingine inatetemeka mpaka uso wa kipande unatoka na mawimbi. Basi ushauri wangu kwa mnunuzi ni huu: kabla hujauliza mashine inazungusha kipenyo gani, uliza ina kilo ngapi.

Hoja ya pili: mashine ichunguzwe mahali inapougua.

Hapa naomba walionuia kununua mashine iliyotumika wanisikilize kwa makini, maana sokoni watu huogopa ugonjwa usioua na kuuacha unaoua. Mnunuzi akifika tu hushika mpini wa kigari, akauzungusha mbele na nyuma, akaona unazunguka robo nzima kabla kisu hakijasogea, akakunja uso na kuondoka. Nafasi hiyo ya bure kwenye skrubu haiharibu kazi, kwa sababu fundi aliyefundishwa hukifikisha kisu kwenye kipimo kutoka upande mmoja siku zote, na nati ya skrubu hiyo hubadilishwa kwa gharama ndogo. Ugonjwa wenyewe uko kwenye reli za kitanda. Kazi nyingi hufanyika karibu na chaki, yaani kishikio cha kipande, hivyo reli huliwa pale, na upande wa mkia hubaki mzima. Kukigundua kidonda hicho hakuhitaji chombo chochote. Kipeleke kigari karibu na chaki, kaza vibati vyake vya kurekebishia mpaka kiende kwa uzito kidogo, kisha kizungushe kuelekea mkia. Kikizidi kuwa kizito njiani hadi kugoma, kitanda kimelika, na kukisawazisha upya ni kazi ya mashine kubwa ambayo gharama yake inaweza kupita bei uliyokubaliana na muuzaji. Baada ya hapo funga fimbo nene kwenye chaki, weka saa ya kupimia kwenye shingo ya spindo, na uinue fimbo kwa mkono. Sindano ikiruka sana, beringi zimechoka au zimelegea. Hilo linatibika, ila liingie kwenye mapatano ya bei.

Kasi nayo isipuuzwe, hasa kasi ya chini. Feleji ya kawaida hukatwa vizuri na kisu cha chuma cha kasi kubwa kwa mwendo wa takriban meta 25 kwa dakika. Kwa shafti ya milimita 20 hiyo ni mizunguko 400 hivi kwa dakika. Kwa puli au flenji ya milimita 150 ni mizunguko 53 tu. Mashine nyingi ndogo zinazobadilisha kasi kwa kitufe cha umeme huweza kuzunguka polepole hivyo, lakini hazina nguvu zikiwa polepole. Kisu kikigusa, mota inasimama. Mashine yenye gia za kupunguza mwendo inazidisha nguvu kadiri inavyopunguza mizunguko, na ndiyo inayofaa kwa mtu atakayekereza puli za pampu na mashine za kusaga unga.

Umeme wetu pia una la kusema. Mashine nyingi za viwandani zilizotumika, zinazoletwa kutoka Ulaya, zina mota za njia tatu, na nyumba nyingi zina njia moja. Jambo hilo linatatuliwa kwa kubadilisha mota au kufunga inveta inayotengeneza njia tatu, lakini gharama yake ijulikane kabla ya kulipa. Tena, mwisho wa laini volti hushuka. Nguvu ya mota ya kawaida ya kuanza kuzunguka hushuka kwa mraba wa volti: zikifika 190 badala ya 230, umebaki na karibu theluthi mbili tu za nguvu hiyo. Mota isinunuliwe kwa kipimo cha kutosha tu. Iwe na akiba.

Jambo la mwisho katika hoja hii ni thredi. Huku kwetu mabomba ya maji bado yanafuata vipimo vya inchi vya Kiingereza, bomba la nusu inchi likiwa na thredi 14 kwa kila inchi, huku bolti za magari ya Kijapani zikiwa za milimita. Karakana ya hapa inahitaji mashine inayokata zote mbili. Ikiwa skrubu kuu ni ya inchi, uliza kama gia ya meno 127 ipo. Inchi moja ni milimita 25.4, na 127 ndiyo namba nzima ya kwanza kuipata ukiizidisha 25.4, yaani mara 5. Bila gia hiyo thredi za milimita zitakuwa za kukaribia tu.

Hoja ya tatu: kitanda kinasokotoka, na anayekisokota ni stendi.

Hii ndiyo nguzo ya mhadhara wangu. Watu hudhani kitanda cha lethi, kwa kuwa ni chuma kilichosubiwa, hakipindiki kwa kufungwa bolti nne. Kinapindika. Tuchukue kitanda chenye upana wa milimita 100 kati ya reli ya mbele na ya nyuma, na ncha ya kisu ikiwa milimita 90 juu yake. Tuseme stendi imekaa vibaya, na bolti zilipokazwa reli ya nyuma upande wa mkia ikainuka kwa milimita 0.02, yaani takriban sehemu ya tano ya unene wa karatasi ya ofisi. Kigari kikifika upande huo kimeinama, na ncha ya kisu imesogea mbele, mbali na kipande, kwa milimita 0.018. Kwa kuwa kipande kinazunguka, kosa hilo linaonekana mara mbili kwenye kipenyo: 0.036. Sasa linganisheni na kazi halisi. Shafti ya milimita 25 inayotakiwa kubana kidogo ndani ya beringi, kwa kipimo cha kawaida cha k6, inaruhusiwa kutofautiana milimita 0.013 tu kati ya kubwa mno na ndogo mno. Fundi akikereza shafti ndefu yenye beringi pande zote mbili, beringi ya upande mmoja itaingia sawasawa na ya upande wa pili haitaingia kabisa. Atapiga tupa, atapiga msasa, atasema mashine za siku hizi hazifai. Mashine haina kosa lolote. Imesokotwa.

Mtu ataniuliza: je, nikitumia pimamaji? Pimamaji ya mwashi ni ya kuta. Kwenye upana wa milimita 100 haiwezi kukuonyesha sehemu mbili za mia za milimita. Ipo pimamaji ya mafundi mashine yenye uwezo wa kuonyesha mwinamo wa milimita 0.02 kwa meta, na mwenye nayo aitumie, akiipima mahali pawili: karibu na kichwa, na karibu na mkia, bila kuigeuza. Si lazima mashine iwe sawa na maji kama bahari. Linalotakiwa ni sehemu zote mbili zisome sawa. Lakini hakimu mkuu ni kipande chenyewe. Funga kwenye chaki fimbo ya milimita 25 au 30, ichomoze milimita 150 bila kushikwa na mkia. Punguza sehemu ya katikati, ubakishe vishingo viwili, kimoja karibu na chaki na kingine mwishoni. Kwa kisu kikali kilichopangwa mara moja tu, pitisha mkato mwembamba kwenye vishingo vyote viwili, kisha vipime kwa maikromita. Kishingo cha mwisho kikiwa kinene zaidi, inua kidogo mguu wa mbele upande wa mkia. Kikiwa chembamba, inua wa nyuma. Kereza tena, pima tena, mpaka vilingane. Jioni moja inatosha.

Hoja ya nne: stendi ijengwe ili isisokotoke.

Kama msokoto ndio adui, stendi nzuri ni ile inayokataa kusokotwa, na hapa umbo lina nguvu kuliko wingi wa chuma. Chukua bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa 3, kisha chukua jingine kama hilo ulichane kwa grenda kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzito ni karibu uleule. La kwanza linazidi la pili kwa kukataa msokoto zaidi ya mara 150. Huo ndio ushahidi wangu dhidi ya stendi za chuma cha pembe ambazo tumezizoea: zinabeba uzito bila shida, lakini ukishika kona mbili na kuzisukuma zinacheza. Kwa mashine ya kilo 100 hivi, chukua chaneli mbili za milimita 100, zielekezanishe midomo na uzichomelee ziwe boriti moja iliyofungika, iende chini ya mashine kwa urefu wake wote. Boriti hiyo ikae juu ya minara miwili ya mabomba ya mraba, mmoja chini ya kichwa na mwingine chini ya mkia, miguu ikitanuka kwenda nje mbele na nyuma. Minara iunganishwe nyuma kwa bati la milimita 2 au kwa vyuma vya mshazari. Fremu ya mraba isiyo na mshazari inayumba hata kama imechomelewa vizuri.

Kuchomelea kwenyewe kunavuta chuma. Shikiza maungio yote kwanza kwa vidoti, pima mishazari miwili ya kila upande mpaka ilingane, kisha chomelea vipande vifupi ukibadilisha pande, na uache vipoe. Matundu ya bolti za mashine yatobolewe mwisho, stendi ikiwa imeshapoa. Na nawasihi, asiwepo mtu wa kuchomelea stendi mashine ikiwa juu yake: umeme wa kuchomelea ukipita kwenye beringi za spindo unazitoboatoboa, na ubovu huo haurekebishiki tena.

Mashine isikazwe moja kwa moja kwenye boriti. Kila mguu ukae kwenye bolti ya M12 iliyosimama, yenye nati chini ya mguu na nati juu yake, ili mguu uweze kuinuliwa na kushushwa kwa robo ya mzunguko. Myford waliwauzia wateja wao vitalu vya kuinulia mashine vyenye skrubu za namna hii, kwa sababu walijua mashine iliyotoka kiwandani imenyooka itafika kwenye stendi isiyonyooka. Karai la kukusanyia taka za chuma lisibanwe kati ya mguu na stendi, bati hujikunja. Litobolewe, na bolti zipite na vipande vya chuma vya kujaza nafasi.

Urefu wa stendi upimwe kwa mtu: katikati ya chaki ifike usawa wa kiwiko chake akiwa amesimama wima. Miguu inaweza kujazwa mchanga mkavu ili kumeza mtetemo. Uwe mchanga wa mto uliokaushwa motoni, kamwe usiwe wa ufukweni, kwa sababu chumvi itakula bomba kutoka ndani. Ndugu zangu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, mashine nayo ifunikwe kwa kitambaa kilichopakwa mafuta. Nailoni inafungia unyevu. Swichi iwekwe mbele, mkono uifikie bila kuvuka chaki, na iwe ya aina ambayo umeme ukikatika inabaki imezimwa hata ukirudi. Kwa umeme unaokatika na kurudi ghafla, swichi ya kawaida ni hatari: ufunguo wa chaki ulioachwa mahali pake utaruka na kumpiga mtu.

Sasa nijibu pingamizi. La kwanza ni la mbao: kwamba meza nene ya mninga inatosha, tena ni rahisi. Mbao humeza mtetemo vizuri, sikatai. Lakini hunyonya unyevu na kuutoa, na hutembea kati ya masika na kiangazi. Asiye na uwezo wa chuma atumie mbao nene, mradi akubali kurudia jaribio la vishingo viwili kila majira yanapobadilika.

La pili linatoka kwa waliosoma: iweke mashine kwenye nukta tatu, msokoto utatoka wapi? Ni kweli kwamba nukta tatu haziwezi kusokota kitanda. Haziwezi pia kukinyoosha, na kitanda chepesi mara nyingi kina msokoto wake mdogo unaohitaji kutolewa. Zaidi ya hayo, mashine yenye kichwa kizito juu ya nukta tatu huwa rahisi kupinduka. Kuna wanaosema mashine nzito haihitaji yote haya. South Bend ya Indiana, Marekani, iliyoanza mwaka 1906, ilitengeneza mashine nzito kuliko nyingi tutakazozimudu, na vitabu vyake vya maelekezo vilisisitiza kusawazisha kitanda kabla ya kazi yoyote.

La tatu ndilo zito: kwa nini mtu ajitaabishe, ilhali mafundi wa mitaa ya karakana kama Gerezani, Kamukunji na Katwe wapo na kazi wanaifanya? Kwa bushi moja kwa mwaka, apeleke huko, na alipe bila kunung'unika. Lakini mwalimu anayefundisha, mwenye pampu za umwagiliaji zinazokula shafti, kijana anayetaka kubuni mashine yake mwenyewe na kuikosea na kuirekebisha usiku huohuo, hao wanahitaji mashine ya kwao. Bajeti yao igawanywe hivi: wanunue mashine ndogo kidogo kuliko waliyoitamani, na fedha iliyobaki iende kwenye stendi, vifaa vya kupimia na visu.

Tazameni mbele kidogo. Lethi nyingi zitaendelea kuja kutoka China. Tanzania iliwahi kujenga kiwanda cha mashine za namna hii, Kilimanjaro Machine Tools, wilayani Hai, na natamani kazi hiyo irudi kwa nguvu. Lakini stendi haihitaji kusubiri kiwanda. Kila mtaa una mchomeleaji anayeweza kuijenga, na stendi iliyopimwa vizuri inaweza kuuzwa kama bidhaa kwa kila anayenunua mashine ndogo. Kwenu walimu wa vyuo nina ombi moja: mwanafunzi asipewe cheti cha kukereza kabla hajalegeza bolti za lethi ya chuo, akaipanga upya mwenyewe, na akaonyesha vishingo viwili vinavyolingana kwa maikromita. Nanyi mnaonuia kununua, stendi ianze kujengwa leo, kabla mashine haijafika.